Mashine Pekee Iliyobaki Chafu

Haya yalitokea katika nchi ambayo si yetu. Inasemwa mapema kabisa, asije akatokea mtu akaanza kujikuna mahali pasipomuwasha. Nchi yenyewe iko mbali, watu wake ni wapole, serikali yao inawapenda, na kompyuta zao zilikuwa zinakwenda polepole.

Hilo la polepole ndilo lililoleta yote. Mtu akienda ofisi ya ardhi kuulizia kiwanja chake, karani alibonyeza kitufe, kisha wote wawili wakatazama kioo, wakasalimiana upya, wakaulizana habari za wagonjwa, na kioo bado cheupe. Sababu ilijulikana. Kompyuta zilinunuliwa kuukuu zikaandikwa mpya. Lakini sababu hiyo ilikuwa na majina ya watu wazito ndani yake, kwa hiyo ikatafutwa nyingine.

Aliyeileta ni Dakta Anselmi Kipunga. Udaktari wake haukuwa wa watu wala wa ng'ombe, lakini suti yake ilikuwa nzuri. Akalieleza Baraza la Mawaziri kwamba ndani ya kila kompyuta kuna mahali panaitwa rejesta, ambapo kompyuta hujiandikia mambo yake yenyewe: programu gani inakaa wapi, kifaa gani kimeunganishwa na nini. Humo, alisema kwa huzuni, hujaa taka. Na taka ndizo zinazoichosha. Yeye alikuwa na programu iitwayo Ng'arisha, ambayo hupita humo na kufagia.

Akaijaribu kwenye kompyuta ya Mkuu wa Nchi mwenyewe, ambayo Mkuu aliitumia kuchezea karata tu. Tarakimu nyekundu zikaanza kupanda kwenye kioo, zikapanda, zikasimama: makosa elfu kumi na nne. Mawaziri wakatazama sakafu. Tangu Mkuu aingie madarakani hakuna aliyewahi kumwonyesha kosa moja, na huyu kamwonyesha maelfu na bado yuko hai. Kisha Dakta Kipunga akabonyeza. Nyekundu ikawa kijani, elfu kumi na nne ikawa sifuri, na Mkuu wa Nchi akafuta machozi. Kompyuta iliendelea kwenda polepole vilevile, ila hapakuwa na mtu wa kuitazama tena. Wote walikuwa wanatazama sifuri.

*

Zawena Mbelwa aliyaona hayo kwenye televisheni, akiwa kazini. Alikuwa mwangalizi wa kompyuta katika Hospitali Kuu, mwanamke wa maneno machache na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Pembeni yake, kwenye kiti cha wagonjwa, alikaa mumewe Hizza, mkono umenyooshwa, mirija miwili ikiingia na kutoka. Figo za Hizza zilikuwa zimekwisha. Mara mbili kwa wiki alilazwa kwenye kiti kile, mashine ikamtoa damu, ikaisafisha, ikamrudishia. Bila mashine ile, waliambiwa na daktari, asingemaliza nusu mwezi. Na mashine iliongozwa na kompyuta moja ya zamani, ya rangi ya ugali wa muhogo, ambayo Zawena aliitunza kuliko alivyotunza macho yake.

"Mama Shemsa," Hizza alimwita kwa jina la binti yao, "hizo taka anazosema huyo bwana, zipo kweli?"

"Zipo kidogo. Haziumizi mtu."

"Sasa anafagia nini?"

Zawena akafikiri jinsi ya kumweleza. Hizza alikuwa seremala wa vitanda kabla mwili haujamgeuka. "Chukua kitanda cha zamani," akasema. "Kina misumari mingi humo ndani. Mingine ilipigwa bure, haishiki kitu, imekaa tu. Mingine imeshika mguu. Sasa aje mtu asiyejua useremala, ang'oe kila msumari asiouona ukifanya kazi, aseme kitanda kitakuwa chepesi."

Hizza akacheka mpaka mirija ikatikisika. Sista Bahiya, muuguzi wa chumba kile, akamwambia atulie, hapo si kijiweni.

*

Sheria ikatoka haraka, kama zinavyotoka sheria zisizomlisha mtu. Ikaundwa Wizara ya Kompyuta na Usafi, akapewa Mheshimiwa Kasiano Ndauka, aliyekuwa Waziri wa Mvua hadi mvua zilipomwangusha. Kila ofisi ya umma ikatakiwa kuanza siku kwa ibada ya kung'arisha. Wafanyakazi husimama kuizunguka kompyuta, mkubwa wao hubonyeza, tarakimu nyekundu hupanda, zikifika mwisho zinasomwa kwa sauti, kisha kijani, kisha makofi. Mkubwa huuliza, "Tumeng'ara?" Nao hujibu, "Tunazidi kung'ara." Kompyuta iliyokwisha kufagiwa hubandikwa kibandiko cha kijani chenye nembo ya taifa.

Ofisi iliyofagia makosa mengi kuliko nyingine ilipewa kombe. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuchangamka. Wakuu wa ofisi walianza kuombea uchafu. Idara ya Posta ilishinda mara tatu mfululizo, watu wakanong'ona kwamba wanaazima kompyuta chafu kutoka kwa ndugu zao. Barua hazikufika tena, lakini postamasta alipandishwa cheo.

Hospitali Kuu nayo ikapokea kompyuta moja mpya, msaada kutoka nje, nailoni bado imeifunika. Mganga Mkuu wa Serikali, Daktari Nuhu Shekilango, ambaye ofisi yake ilikuwa humo, akaagiza ing'arishwe kabla haijagusa meza. Ikapatikana na makosa elfu tisa.

Zawena alikuwa ameshika mkasi aliokatia kamba za boksi. "Daktari," akasema, "hii imewashwa sasa hivi. Haya makosa kayafanya nani?"

Daktari Shekilango alikuwa mtu mzuri, msomi, mpenda kwaya. Akaitafakari sana ile tarakimu. "Imezaliwa nayo," akasema. "Hata sisi tumezaliwa nayo."

Watu wakapiga makofi. Kompyuta ile haikuwaka tena kuanzia siku ya pili, ikafanywa meza ya kuwekea birika.

Yupo mhadhiri mmoja wa chuo kikuu aliyeandika gazetini kwamba Ng'arisha ni ulaghai, inamtisha mtu kwanza ili imtibu baadaye, kwamba inahesabu kosa kila kitu isichokielewa. Serikali, kwa kuwa ni sikivu, iliunda tume. Tume ikakaa hotelini, ikaamua kuiuliza programu yenyewe. Ikaingizwa kwenye kompyuta ya mhadhiri. Ikatoa makosa elfu thelathini, rekodi ya nchi. Tume ikaona aibu kwa niaba yake, ikaandika kwamba mtu mwenye uchafu kiasi hicho hawezi kuwa na maoni safi. Mhadhiri akapewa likizo ambayo mke wake bado anaulizia ilikoishia.

*

Dakta Kipunga alikuja hospitali mwenyewe kuweka programu yake. Alikuwa mchangamfu, alimwita kila mtu dada au kaka, alibeba kompyuta ndogo ya fedha chini ya kwapa. Chumba cha eksirei wakafagia asubuhi, mchana eksirei ikawa haimwoni mtu. Wakafagia maabara, maabara ikasahau darubini yake. Kutoka mikoani zikafika habari kwamba mashine za kusafisha damu zilikuwa zinazimika moja baada ya nyingine, kila moja siku ileile ilipobandikwa kibandiko. Wagonjwa wa huko wakaanza kusafirishwa kwenda Hospitali Kuu. Wengine walifika.

Zawena akamfuata Dakta Kipunga kwenye korido.

"Dakta, programu yako inajuaje kwamba kitu fulani ni taka?"

"Kinakuwa kimenyamaza, dada."

"Na kama kimenyamaza kwa sababu kinangoja zamu yake?"

"Kama kina kazi," Dakta Kipunga akasema kwa upole, "kwa nini kinyamaze?"

Zawena akaitazama ile kompyuta ya fedha. Haikuwa na kibandiko. "Na hii yako umeing'arisha lini?"

Dakta Kipunga akaikumbatia kidogo, akacheka. "Hii? Ah, hapana dada. Hii naifanyia kazi."

Zawena akarudi ofisini kwake, akafunga mlango, akakaa chini sakafuni. Kisha akaenda chumba cha eksirei, ambako hapakuwa na mtu tena, akabandua kibandiko cha kijani kwenye kompyuta iliyokufa, akaja kukibandika kwenye ile ya rangi ya ugali wa muhogo. Alikisugua kwa kidole gumba mpaka kikashika.

Tangu siku hiyo akawa mwizi wa usafi. Asubuhi, wafanyakazi wa chumba cha mashine wakikusanyika, alikigeuzia kioo ukutani akidai mwanga unaumiza macho, akagusa vitufe viwili vitatu, akataja tarakimu aliyoitunga njiani kuja kazini. Watu wakapiga makofi. Sista Bahiya alipiga makofi kuliko wote, na hakuwahi kumtazama Zawena usoni wakati akipiga. Mashine ikaendelea kunguruma. Hizza akaendelea kukaa kwenye kiti, akipiga soga, akilalamikia chakula kisicho na chumvi, yu hai.

Wagonjwa wengine nao wakawa hai. Foleni ikatoka chumbani, ikapita ngazi, ikafika uani.

*

Shida ya kitu kinachofanya kazi katika nchi ile ni kwamba kinaonekana.

Wizara iliona. Mashine za mikoani zimekufa zote, hii moja inakwenda, na ina kibandiko. Mheshimiwa Ndauka alipopewa habari hiyo aliinuka kitini. Huu ndio ushahidi uliokuwa unatafutwa. Siku ya Taifa ya Kung'ara ikapangwa kufanyikia Hospitali Kuu. Waziri mwenyewe angekuja na televisheni, angeing'arisha mashine ile kwa mkono wake, mbele ya mgonjwa, dunia ione.

Zawena akaenda kwa Daktari Shekilango siku mbili kabla. Akamwambia ukweli wote, kuanzia kibandiko. Alitarajia kufukuzwa, na hilo alikuwa amelikubali, mradi mashine isiguswe.

Daktari Shekilango aliondoa miwani yake. Uso wake ukawa mdogo. "Kwa hiyo haijafagiwa hata mara moja."

"Hata mara moja, Daktari. Ndiyo maana inafanya kazi."

"Unaelewa ulichosema?" Sauti yake haikuwa ya ukali. "Kama hii inafanya kazi kwa sababu haikufagiwa, basi zile za mikoani zimekufa kwa sababu zilifagiwa. Na mimi ndiye niliyetia saini zifagiwe. Unajua ni wagonjwa wangapi, Zawena?"

"Najua, Daktari."

"Basi mimi sijui. Sitaki kujua." Akavaa miwani. "Hukuja hapa. Ukitoka, nifungie mlango."

Nyumbani alimkuta Hizza akipigia pasi shati lake jeupe. Walikuwa wamemchagua yeye. Wizara ilituma mtu kutazama wagonjwa, akasema huyu seremala ana meno mazuri, ndiye atakayekaa kwenye kiti.

"Usiende," Zawena akamwambia.

"Nisipoenda atakaa mwingine, na mashine itakuwa ileile." Akaigeuza kola ya shati. "Wewe umewahi kuongea mbele ya watu, Mama Shemsa?"

"Sijawahi."

"Basi ongea. Mara hii moja tu. Mimi nitakuwa pale pale."

*

Siku ikafika, na maturubai, na bendi ya polisi, na wake wa mawaziri wakiwa wameshona sare ya kijani. Hizza alikaa kwenye kiti ndani ya shati lake jeupe, mirija mkononi, damu yake ikizunguka. Mtu wa televisheni alimwambia atabasamu, akatabasamu.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Ndauka, "wapo wanaouliza faida ya kung'arisha. Mimi nawauliza wao: hasara ya usafi ni nini? Aliyewahi kufa kwa usafi anyooshe mkono." Alingoja. Hakuna aliyenyoosha. "Mnaona wenyewe."

Akashika kipanya. Hapo Zawena akatoka kwenye mstari wa wafanyakazi. Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na kila mtu alisikia.

"Mheshimiwa, naomba usibonyeze. Mashine hii haijawahi kung'arishwa. Kibandiko nilikibandika mimi. Inafanya kazi kwa sababu haijaguswa. Aliyeko kwenye hicho kiti ni mume wangu."

Daktari Shekilango akatazama viatu vyake. Dakta Kipunga, nyuma ya Waziri, akaihamishia kompyuta yake ya fedha kwapa la pili.

Mheshimiwa Ndauka hakukasirika. Alikuwa mwanasiasa, alijua zawadi inapomwangukia. Akaiamuru Ng'arisha ichunguze tu kwanza, isifagie. Tarakimu nyekundu zikaanza kupanda. Zikapita za Mkuu wa Nchi. Zikapita za mhadhiri. Wake wa mawaziri wakajishika vifua. Zilipofika elfu hamsini na mbili, Waziri akamgeukia Zawena kwa huruma ya kweli, machozi yakimlengalenga.

"Mama," akasema, "umekuwa ukimlaza mumeo kwenye uchafu huu?"

Umati ukaguna. Zawena akafungua mdomo ajibu, na mkono wa askari ukawa tayari begani mwake. Waziri akabonyeza.

Nyekundu ikawa kijani. Elfu hamsini na mbili ikawa sifuri. Makofi yakaanza, na chini ya makofi hayo mngurumo wa mashine ukakatika. Damu ikasimama kwenye mirija. Sista Bahiya aliruka, akafungua kifuniko cha pembeni, akaanza kuizungusha pampu kwa mkono, taratibu, meno yamekazana, akimrudishia Hizza damu yake iliyokuwa nje. Televisheni ilimwonyesha kidogo, ikahamia kwenye bendera.

"Mnasikia kimya hicho?" Mheshimiwa Ndauka akauliza. "Hicho ndicho kimya cha usafi. Tumeng'ara?"

"Tunazidi kung'ara."

Hizza alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Alikuwa anamtafuta Zawena kwa macho.

*

Zawena alijaribu. Alijaribu kuirudisha mistari ya rejesta iliyofutwa, akakuta Ng'arisha imefagia na pale alipokuwa ameficha nakala. Akawapigia simu waliotengeneza mashine, ng'ambo. Walikuwa watu wema, wakatuma diski kwa ndege, bila malipo, na barua ya kumtakia mumewe heri. Diski ikafika uwanja wa ndege. Kwa mujibu wa sheria kila diski inayoingia nchini hung'arishwa forodhani. Akakabidhiwa ikiwa tupu, na kibandiko cha kijani.

Hizza alivimba miguu, kisha uso. Akawa anapumua ameketi, kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe mwaka waliooana. Zawena alikaa naye akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Ulisema," Hizza akamwambia, maneno yakija moja moja. "Mbele ya wote. Nilikusikia."

Alifariki mchana, jua likiwa kali, majirani wakiwa wanaanika mihogo. Wizara ilituma shada la maua ya plastiki, yaliyooshwa.

*

Uchunguzi ulifanyika, maana serikali ile haiachi kitu. Ukagundua kwamba marehemu aliuawa na uchafu wa muda mrefu, uliofichwa na mkewe, na kwamba Wizara ilifika kwa kuchelewa ingawa ilifanya kila iliwezalo. Zawena alistahili jela. Lakini Mkuu wa Nchi ana moyo. Akaamuru mama huyo apewe kazi ya kuitunza kompyuta ileile, ambayo sasa ilikuwa kitu cha fahari: ndiyo kompyuta pekee nchini isiyopatikana na kosa hata moja, asubuhi, mchana na jioni. Ilikuwa imesahau kila kitu ilichowahi kukijua, na hivyo haikuwa na pa kukosea. Wakaizungushia kamba nyekundu. Wageni huvua viatu kabla ya kuiona.

Zawena hukaa pembeni yake kwenye kiti cha plastiki, gauni jeusi, miwani yake ya uzi. Akiulizwa chochote ameamriwa kujibu neno moja: ni safi. Askari hukaa mlangoni kuhakikisha.

Wiki iliyopita aliingia mama mmoja wa makamo, amesafiri kutoka mkoani, miguu imevimba mpaka kandambili hazimwingii vizuri. Zawena aliijua ile miguu kabla hajauona uso.

"Mwanangu," mama akasema, "hii ndiyo ile mashine ya kwenye televisheni?"

"Ndiyo, mama."

"Inafanya kazi?"

Askari akageuka. Zawena akamwona, akamwacha. Akasimama, akamshika yule mama mikono yote miwili. "Haifanyi kazi, mama. Ilikufa siku ileile uliyoiona. Hata mume wangu alikufa kwa kuikosa. Rudi nyumbani ukakae na watoto wako, usipoteze siku zako hapa."

Mama yule alimtazama bila hasira, kama mtu anayemsamehe mgonjwa. "Pole, mwanangu, umefiwa," akasema. "Lakini Waziri nilimwona mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya, akiifagia. Elfu hamsini na mbili, zote zikatoka."

Akavua kandambili zake, akazipanga vizuri kando ya kamba nyekundu, akaenda kuketi ukutani, mwisho wa foleni ya wagonjwa waliokuwa wakiingoja.